Profesa Aliyechunguza Bunge

Maneno yaliyosemwa na wanachama wa reli mbele ya mkutano wa wafanya kazi wanaotoka Kisii na Nyamira



Kamati ilituomba sisi wa reli tutoe maneno ya leo. Tulipotaja kwamba tutasema juu ya maisha ya profesa mmoja wa elimu ya siasa, ndugu mmoja wa majani chai alituuliza kama gari moshi limesimama hata tumekosa la kusema. Akasema, "Profesa atatuongezea senti ngapi kwa kilo?" Ndugu, swali lako ni halali, wala hatukulikasirikia. Tunakuomba tu uvumilie mpaka tufike mwisho, ndipo uulize tena.

Kwanza mjue ni nani wanaosema. Sisi tu watu watano wa landhi moja, na elimu yetu ni ile ya shule ya msingi ya misheni, ambako kitabu kimoja kilisomwa na watoto watatu na asiyejua kusali alipata viboko sawa na asiyejua hesabu. Hatukusoma siasa. Lakini mpwa wa mmoja wetu anasoma Chuo Kikuu cha Kisii, naye alipokuja kukaa kwetu wakati wa mapumziko alileta vitabu vyake, akatusomea usiku baada ya zamu, na pale Kiingereza kilipokuwa kigumu alituvunjia kama mtu avunjavyo muwa. Ndivyo tulivyomjua huyu profesa.

Tena mjue kwa nini tulisikiliza. Mwaka uliopita tawi lilituma wajumbe kwa mbunge mmoja wa huku kwetu. Hatutamtaja jina, maana kosa halikuwa lake peke yake. Tulikwenda watu kumi na mmoja na karatasi yenye maombi saba: mabati ya darasa, jezi za mpira, sare za kwaya, mchango wa mazishi mawili, na mengine ya namna hiyo. Alitupokea vizuri, tukanywa chai na mikate, akaahidi matano kati ya saba, tukatoka tunacheka. Wiki mbili baadaye tukasikia kwamba siku zile zile kamati ya Bunge ilikuwa ikipokea maoni ya wananchi juu ya mswada mmoja uliogusa malipo ya uzeeni ya wafanya kazi. Kutoka kwetu hawakupata hata mstari mmoja. Na wakati huo mzee mmoja mwanachama, ambaye wengi hapa wanamjua, alikuwa mwaka wa nne akifuata faili lake kutoka mlango hata mlango. Alifariki mwezi wa Agosti bila kulipwa. Jezi zilikuja, na vijana walizivaa siku ya mazishi yake.

Basi mpwa wetu aliposema yuko profesa aliyetumia maisha yake kuuliza mbunge ni wa kazi gani, tuliketi.

Jina lake ni Joel Barkan. Alikuwa Mmarekani, aliyezaliwa mwaka 1941. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Cornell, akaendelea Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles, akapata digrii ya udaktari mwaka 1970. Kazi yake ya kufundisha, zaidi ya miaka thelathini, aliifanya katika Chuo Kikuu cha Iowa. Mpwa wetu asema Iowa ni nchi ya wakulima wa mahindi na nguruwe, na pengine ndiyo sababu alielewa upesi mambo ya watu wa mashamba. Hilo la nguruwe mlikumbuke, tutarudi kwake.

Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1975, nacho kilikuwa juu ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ghana, Tanzania na Uganda, ya kwamba watakuwa watumishi wa namna gani kwa nchi zao changa. Hapo hatukukaa sana. Lakini kwa njia hiyo alifika Afrika Mashariki, na akifika hakutoka tena moyoni. Alifundisha Dar es Salaam na Nairobi pia. Na akafanya jambo ambalo wageni wengi wa siku zile hawakufanya: aliandika pamoja na wenyeji. Mwaka 1979 yeye na mwalimu Mkenya John Okumu walitoa kitabu juu ya siasa na utawala wa Kenya na Tanzania, wakipima nchi mbili jirani kama fundi apimavyo reli mbili za njia moja, moja imefuata matajiri na nyingine imefuata ujamaa, ili waone mkulima amepata nini huku na huku.

Sasa tufike penyewe. Siku zile wataalamu wengi walilidharau Bunge. Walisema nchi za Afrika zinatawaliwa na Rais, na jeshi, na chama. Bunge ni mahali pa kupiga makofi, kwa hiyo hakuna haja ya kulichunguza. Barkan hakukubali. Alitazama Kenya akaona jambo la ajabu. Katika uchaguzi wa mwaka 1969, na tena wa 1974, wananchi waliwatupa nje karibu nusu ya wabunge, na zaidi. Chama kilikuwa kimoja, Rais hakupingwa, lakini mbunge wa jimbo aliweza kuanguka kama ndizi iliyoiva. Akajiuliza: kama Bunge ni bure, hawa watu wanampima mbunge kwa kitu gani hata wanamwangusha?

Hakuketi ofisini Nairobi kubuni jibu. Wakati wa uchaguzi wa 1974 yeye na wenzake walituma vijana wenye karatasi za maswali vijijini, kuwauliza maelfu ya wapiga kura: mnataka mbunge wenu afanye nini, na je, anafanya? Kazi kama hiyo ilifanywa pia Korea na Uturuki, na kitabu kinachoweka nchi hizo tatu pamoja kilitoka mwaka 1984. Sisi tuliposikia hayo tulipenda. Mtu akitaka kujua kwa nini behewa limetoka relini, hamwulizi meneja kwanza. Anashuka chini kutazama gurudumu, taruma na misumari.

Na jibu alilopata vijijini, ndugu zangu, ni lile lile la karatasi yetu ya maombi saba. Watu walisema mbunge mwema ni yule anayeleta. Alete shule, alete zahanati, alete maji, aje kwenye harambee na mkono mzito, aende Nairobi kugonga milango ya mawaziri kwa ajili yetu. Kutunga sheria? Kukagua fedha za serikali? Hayo yalitajwa na wachache.

Hapa ndipo tulipompenda profesa zaidi, maana hakutuita wajinga. Alisema mkulima ana akili timamu. Mkulima anajua kuwa mbunge mmoja katika Bunge lile hawezi kubadili sheria ya Rais, lakini anaweza kuleta mabati. Basi anamdai kile anachoweza kukileta. Na harambee ya Kenya, alisema, ilikuwa kamba iliyofunga kijiji na mji mkuu. Mbunge alikuwa fundo katikati ya kamba hiyo. Kwa njia hiyo watu wa pembeni walipata kitu, na serikali nayo ikajua watu wanalia nini. Wazee mliopo hapa mnakumbuka shule ngapi za sekondari za Gusii zilianza kwa mama kuuza kuku wake na baba kubeba mawe. Hakuna aliyekuja kutufundisha harambee kutoka Iowa.

Lakini aliona pia hasara yake, na aliiandika tena na tena hata makala zake za mwisho. Alisema Bunge lina kazi nne. Moja ni kusema kwa niaba ya watu. Ya pili ni kutunga sheria. Ya tatu ni kuiangalia serikali mikono yake, inakusanya nini na inatumia nini. Ya nne ni kulitumikia jimbo, ndiyo haya ya mabati. Hizi tatu za kwanza zinafanywa na Bunge zima kwa pamoja. Hii ya nne kila mbunge anaifanya peke yake, na ndiyo inayompa kura. Sasa mbunge ana saa zile zile ulizo nazo wewe. Akishinda mazishini Ijumaa na Jumamosi, na kanisani Jumapili, na Jumatatu mlango wake umejaa watu wa karo, mswada atausoma lini? Ya nne inazila zile tatu, kama ng'ombe mkubwa anavyowasukuma ndama kwenye chumvi.

Huku kwetu jambo hili lina mzizi mrefu zaidi. Tazameni majina ya majimbo yetu: Bobasi, Bonchari, Nyaribari, Kitutu, Mugirango, Bomachoge. Nchi nyingine majimbo huitwa kwa mto au kwa mji. Yetu yanaitwa kwa jina la ukoo. Leo Kisii ina majimbo tisa na Nyamira manne. Mbunge wetu anakwenda Nairobi kama mtoto wa nyumba aliyetumwa sokoni, na akirudi tunatazama kikapu. Barkan aliandika mwaka 1995 kwamba katika nchi za wakulima watu hupiga kura kwa mahali walipo, maana haja zao ni za mahali hapo: barabara hii, daraja hili, bei ya zao hili. Tulipolisoma hilo tulikumbuka mwaka 2002, wakati nchi nzima ilipokuwa ikimwimbia Mwai Kibaki, na Gusii ikampa kura Simeon Nyachae. Wengine walitucheka. Profesa asingecheka.

Tunaomba ruhusa, Bwana Mwenyekiti, tutoke kidogo kwenye vitabu vyake, maana kuna habari ya kwetu, tena ya reli, ambayo tumeiweka sisi wenyewe hapa.

Mwaka 1974 watu wa Kitutu Mashariki, jimbo ambalo baadaye liliitwa Kitutu Masaba, sasa liko Nyamira, walimchagua George Anyona. Kijana mwembamba, mkaidi, aliyezijua kanuni za Bunge kama gadi anavyoijua saa yake. Huyu hakwenda Bungeni na kikapu tu. Mwaka 1977, mwaka ule ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na reli yake ikagawanyika, Anyona alisimama Bungeni kuhoji zabuni ya kununua mabehewa ya reli, akidai ya kwamba wakubwa wameivuruga. Mabehewa, ndugu! Yale ambayo baba zetu waliyapakia na kuyafunga kulabu. Mwezi Mei alikamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa mahakamani. Alitoka Desemba 1978, wakati Rais Moi, aliyekuwa mpya, alipowafungua wafungwa wote wa kizuizini.

Tufikirieni hapo. Kuhoji zabuni ya serikali ndiyo ile kazi ya tatu ya Bunge, kuitazama serikali mikono. Mtu mmoja aliifanya, nayo ikamla. Kabla yake, Oktoba 1975, Martin Shikuku na Naibu wa Spika, Jean Marie Seroney, walikuwa wamekamatwa mle mle Bungeni kwa maneno waliyosema kikaoni. Basi mbunge wa siku zile aliyechagua jezi na mabati, je, alikuwa mpumbavu au mwoga? Pengine alihesabu tu. Anyona mwenyewe aliwekwa kizuizini tena mwaka 1982, akafungwa tena mwaka 1991, na bado watu wa Kitutu Masaba walimrudisha Bungeni mwaka 1992 na 1997. Alifariki mwaka 2003 kwa ajali ya gari Nairobi. Hatujui kama alileta mabati mengi. Tunachojua ni kwamba mtu wa kwetu aliuliza juu ya mabehewa, na leo katika landhi zetu vijana wengi wa reli hawajui jina lake.

Turudi kwa profesa. Mwaka 1991, mwezi Desemba, Kenya ilirudishiwa vyama vingi, na mwaka 1992 Barkan alikuja Nairobi akiwa mshauri wa shirika la misaada la serikali ya Marekani katika mambo ya utawala. Hapo hakuwa mwalimu tu, alikuwa na mkono ndani ya chungu. Ndugu mmoja wetu hapendi jambo hilo. Asema mtu hawezi kuwa refa na kucheza pia. Sisi wengine twasema, afadhali aliyeshuka uwanjani akachafuka. Tumeshindana juu ya hili usiku mzima na hatukupatana, kwa hiyo mtatusamehe.

Lililo kubwa ni alichokiona miaka ile. Vyama vingi vilikuja, lakini Bunge lilibaki dhaifu. Kwa nini? Sikilizeni vizuri, maana hili mfanya kazi atalielewa kuliko profesa mwingine yeyote. Makarani wa Bunge walikuwa watumishi wa Ofisi ya Rais. Fedha za Bunge zilipangwa na serikali. Kalenda ya kukutana iliamriwa na serikali. Yaani aliyetakiwa kutazamwa mikono ndiye aliyemlipa mtazamaji, akamnunulia kalamu, akamwambia aje lini na aondoke lini.

Ndugu zangu, tufanye ni chama chetu. Katibu analipwa na tajiri. Ofisi ni ya tajiri. Mkutano unaitishwa tajiri akipenda. Je, hicho ni chama cha wafanya kazi? Babu zetu waliopigania vyama katika reli na bandari walijua jambo hili bila kitabu: kwanza michango yetu wenyewe, katibu wetu wenyewe, mlango wetu wenyewe wenye kufuli letu. Halafu ndipo tuzungumze mishahara.

Ndivyo wabunge walivyofanya. Peter Oloo Aringo, mbunge wa Alego, aliongoza kazi ya kubadili Katiba, na mwaka 1999 ikapatikana Tume ya Huduma za Bunge. Tangu hapo Bunge likaajiri watu wake, likapanga fedha zake. Mwaka 2007 likapata ofisi yake ya kuchambua bajeti, watu wa hesabu wasiolipwa na Hazina kuitetea Hazina. Na Katiba ya 2010 ikaongeza nguvu hizo mara nyingi. Barkan aliyafuata hayo yote hatua kwa hatua, akiwa mzee sasa, na mwaka 2009 akatoa kitabu kinachopima mabunge ya nchi sita: Benin, Ghana, Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Uganda. Bunge la Kenya, alilolikuta likipiga makofi, alilihesabu sasa kati ya yale yenye nguvu katika Afrika.

Mlango wa Kenya katika kitabu hicho hakuuandika peke yake. Aliuandika na mtoto wa Nyamira, Fred Matiang'i. Wengi mlimjua alipokuwa waziri, kwa yale ya mitihani na yale ya polisi, na kila mtu hapa ana lake la kusema juu yake. Lakini kabla ya uwaziri wake wa mwaka 2013 alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, tena wa fasihi, na alifanya kazi katika mradi wa kulisaidia Bunge kujijenga. Hatulisemi hili kumpigia mtu kampeni, na Katibu ashuhudie. Tunalisema kwa sababu watu wanadhani mambo haya yaliandikwa na wageni tu. Mlango ule unasema njia ya Bunge la Kenya ilikuwa yenye kona nyingi, kama barabara ya Keroka kabla haijatiwa lami, na aliyeuandika pamoja na profesa anazijua kona za kwetu.

Sasa kuna jambo ambalo sisi wafanya kazi hatukubaliani na profesa, nasi tutalisema waziwazi. Barkan aligundua kwamba Bunge halikujengwa na wema peke yao. Alisema siku zote wapo wachache wanaotaka Bunge lenye nguvu kwa ajili ya nchi, nao hawatoshi kupiga kura na kushinda. Wakaungana na wengine waliotaka mshahara mnono na ofisi nzuri. Wale wakapata Bunge huru, hawa wakapata posho. Tena akasema mshahara mkubwa ulisaidia, kwa sababu mbunge mwenye fedha zake hana haja ya kwenda Ikulu kuomba bahasha ya harambee, na asiyeomba bahasha anaweza kusema hapana.

Hesabu yake twaiona, haina kosa. Lakini profesa hakuwahi kusubiri mshahara wa gengi mwisho wa mwezi. Bunge lililoanza kazi mwaka 2003 lilijiongezea mishahara mapema kabisa, na tangu hapo kila Bunge linalokuja linaanza na jambo hilo. Mnakumbuka Mei 2013 watu walipopeleka nguruwe mbele ya lango la Bunge, wale nguruwe na damu. Hao ndio nguruwe wa Iowa tuliowaahidi. Mfanya kazi akidai nyongeza anaambiwa uchumi hauruhusu, na anayemwambia hivyo ameshajiongezea. Kama huru wa mbunge ununuliwe, na sisi ndio wanunuzi, basi tuna haki ya kuuliza bidhaa iko wapi. Nayo haiwezi kuwa jezi.

Pia kuna ule mfuko wa maendeleo ya majimbo, uliowekwa kwa sheria mwaka 2003 na kupewa asilimia 2.5 ya mapato ya serikali. Umejenga madarasa, hatukatai. Lakini umefanya ile kazi ya nne kuwa kubwa zaidi: mbunge anayetakiwa kukagua fedha sasa ana fedha za kukaguliwa. Sheria ya mfuko huo ya mwaka 2013 ilitanguliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2022 kwa sababu kama hiyo. Tutaliacha hapo, maana ni refu.

Joel Barkan alifariki Januari 2014. Kazi ya kuchunguza mabunge yetu haikufa naye. Ken Opalo, Mkenya anayefundisha Chuo Kikuu cha Georgetown kule Washington, alitoa kitabu mwaka 2019 akilinganisha Bunge la Kenya na la Zambia tangu ukoloni, akionyesha kwa nini moja lilipata misuli na jingine likachelewa. Mpwa wetu ameanza kutusomea, tumefika nusu.

Sasa ndugu yetu wa majani chai, tunakuja kwako. Profesa hatakuongezea senti. Lakini tazama karatasi hii.

Mwezi wa Februari tawi litatuma wajumbe tena kwa mbunge. Rasimu ya maombi iko kwa Katibu, na tumeiona: mabati, jezi, kisima, mazishi. Sisi watu watano hatusemi mfute yote. Kisima kibaki. Tunaomba mengine yapunguzwe yawe mawili, na mahali pake tuweke maswali matatu. Kwanza: mheshimiwa, wewe uko katika kamati gani ya Bunge, na mwaka huu umehudhuria mara ngapi? Pili: mswada ule wa malipo ya uzeeni uliupigia kura gani, na ulisema nini? Tatu: ni nani ofisini kwako atakayetupa habari mapema mswada unaotugusa ukifika, ili tusisikie tena baada ya wiki mbili?

Tena kuna karatasi ya pili. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, si kwa mbunge wake tu, bali kwa Bunge lenyewe, nalo linapaswa kulipokea na kulifikiria. Tumeandika ombi juu ya wazee wetu ambao mafaili yao yanazunguka. Hatukutaja tajiri yeyote kwa hasira. Tumetaja miaka waliyofanya kazi na miaka waliyosubiri. Jina la kwanza ni la mzee wetu wa Agosti. Mjane wake ameshatia kidole gumba; yuko pale nyuma, karibu na mlango.

Tunajua mtasema, tukienda na maswali badala ya maombi, mbunge atakasirika, na jirani zetu wa jimbo la pili watapata mabati yetu. Mzee mmoja wa Manga alituambia hivyo jana: "Nyinyi vijana wa reli mtatunyima hata kile kidogo." Mzee yuko hapa na tunamheshimu. Inawezekana ni kweli. Profesa mwenyewe aliandika kwamba ndiyo hesabu inayomfanya kila mtu achague mabati. Kwa hiyo hatutaki jambo hili liamuliwe na sisi watano; lipigiwe kura na mkutano.

Karatasi zote mbili ziko mezani kwa Katibu, na kalamu zipo. Wasiojua kuandika watasaidiwa na mpwa wetu, yule mwenye shati la bluu. Bwana Mwenyekiti, tumemaliza. Tuko tayari kwa maswali, na tungeomba lile la majani chai lije kwanza.